Mkopo wa Bibi Harusi

Siku Jovina alipotolewa mahari, alikuwa amekaa chumbani nyuma ya pazia, na watu waliojaa uani kwa baba yake, pale Bugendana, walikuwa wakisema msichana huyu ana bahati. Na bahati alikuwa nayo kweli. Si kila mwanamke anayepata nafasi ya kukaa kimya, amevaa akapendeza, akisikiliza fedha zake mwenyewe zikisifiwa kuwa ni jasho la mtu mwingine.

Lakini tukianzia hapo hasira itatuharibia hadithi. Tuanzie alikotoka.

Jovina alizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, mtoto wa kwanza wa Leonardi na Kasilda, ambao nao walikuwa wamekulia huko huko. Waliporudi Burundi, yeye akiwa binti mdogo tu, walikuta mlima wa babu yao umeshalimwa na wengine kwa miaka mingi. Baada ya vikao na mabishano yasiyokwisha, Leonardi aliachiwa kipande cha shamba ambacho ukisimama katikati yake unaweza kuzungumza na majirani wa pande zote bila kupaza sauti. Maharage kidogo, migomba kidogo, muhogo kidogo. Tangu hapo mzee alibaki na fahari moja, nayo aliitembeza kila alikokwenda: hakuwa na deni la mtu.

"Mimi sijawahi kudaiwa hata kiberiti," alipenda kusema. "Anayekopa amejivua nguo sokoni."

Wanawe walimsikia. Kastori, aliyemfuata Jovina, na Yakobo, kitinda mimba, walikua wakijua kwamba mkopo ni aibu. Jovina naye alijua hivyo hivyo, mpaka alipopelekwa Muyinga.

Alipelekwa kwa sababu ada ya shule ilishindikana. Shangazi yake aliyekuwa akiishi Muyinga mjini alimtafutia kazi kwa Rajbai, mama wa Kihindi aliyeuza vitenge pamoja na mumewe katika duka ambalo familia yao ilikuwa nalo kabla hata Leonardi hajazaliwa. Jovina alifagia, akakunja vitambaa, akajifunza kupima kwa mkono bila kumpunja mteja wala mwenye duka. Kiswahili chake kilichonyooka, cha shule ya Tanzania, kilimfurahisha Rajbai, ambaye hakuwa mtu wa kufurahishwa ovyo.

Siku moja Rajbai alimsukumia mzigo mdogo wa vitenge.

"Zunguka nao vijijini, binti. Jumamosi lete pesa. Ukileta, Jumatatu nakupa zaidi. Usipoleta, na wewe usije."

Jovina alilia usiku ule, akiona amevuliwa nguo kama alivyosema baba. Akazunguka hata hivyo. Wiki ya kwanza aliuza. Ya pili akauza zaidi. Ya tatu mvua ilinyesha mfululizo, watu wakajifungia majumbani mwao, na Jumamosi ikafika akiwa na vitenge karibu vyote. Wenzake wa dukani walimshauri ajifiche kwa shangazi mpaka auze. Yeye akapiga moyo konde, akaenda dukani amelowa, akaweka mzigo juu ya meza na kusema ukweli wake. Rajbai alihesabu vitambaa, akavikuta vyote, kisha akamwongezea vingine viwili vya bei ya juu. Hapo ndipo binti alipoelewa kitu ambacho baba yake hakuwahi kukielewa: mkopeshaji haogopi hasara kama anavyoogopa mtu anayenyamaza na kupotea.

Miaka michache baadaye, mji wa Gitega ulipoanza kujaa wafanyakazi wa serikali na wake zao wanaopenda kushona, Jovina aliaga Muyinga. Rajbai hakumkumbatia wala nini. Alimpa ushauri, ambao kwake ulikuwa na thamani kuliko kukumbatia.

"Mimi nakujua. Lakini mimi ni mtu mmoja, na ni mzee. Huko Gitega tafuta mahali utakapojulikana kwa maandishi. Siku utakayotaka mzigo mkubwa, uwe na watu wa kusimama nyuma yako, mimi nitakupa kwa bei ya kuagizia."

Basi Jovina akapanga chumba mtaa wa Yoba, akawa anabeba vitenge kichwani nyumba hadi nyumba, na mwezi wa kwanza tu akajiandikisha katika chama kimoja cha akiba na mikopo karibu na soko. Aliyempokea aliitwa Nazario, mtu wa makamo mwenye miwani na shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Nazario alimweka kwenye kiti akamhubiria kama padri.

"Bon, Jovina. Hapa hatuangalie sura ya mutu. Tunaangalia historique yake, vile alikopa na vile alilipa. We leo hauna historique, donc ni kama hatukujue. Kopa kidogo. Lipa mbele ya tarehe. Kopa tena. Ordinateri inaandika yote, na haisahau. Na deni ya mutu mwingine usibebe, même kama ni mama yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Na alisikia kweli, tofauti na wengi wanaoitikia huku wakiangalia saa ukutani. Mkopo wake wa kwanza ulikuwa mdogo hata mhasibu akauliza kama amekosea kuandika. Alinunua vitenge, akauza, akalipa kabla ya siku. Akachukua wa pili, mkubwa kidogo. Kila alipouza, fedha ya rejesho alikuwa anaitenga kwanza, ndipo anafikiria mboga. Hakukopa ili ale. Wala hakukopa ili avae, ingawa alikuwa anauza nguo na wateja walimcheka kwa kitenge chake kilichopauka. Mtu alipotaka waingie pamoja katika mkopo wa pili mahali pengine, Jovina alimjibu kwamba kichwa chake kina nafasi ya deni moja tu. Alipougua malaria mwezi mzima, alijikokota mpaka kwa Nazario kumwambia mapema kwamba mauzo yatachelewa, na hata hivyo rejesho likafika kwa wakati kwa sababu aliuza redio.

Miaka ilipita hivyo. Siku moja Nazario aligeuza kioo cha kompyuta yake upande wa mteja, jambo ambalo sheria za pale hazikulipenda sana.

"Angalia. Rouge, ile alama nyekundu ya kuchelewa, hakuna. Hata moja. Mi niko hapa muda mrefu, watu kama we sijaona wengi. Mara ijayo unaweza kuomba ile kubwa."

Jovina alitoka mle ndani akiwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu ambaye hajawahi kumiliki kitu na sasa anacho. Mkopo mkubwa ulimaanisha chumba cha duka. Alikuwa ameshakichagua, kile cha pembeni ya soko, chenye mlango wa vioo na rafu za mbao, na mwenye nyumba alimwahidi atakapohama mpangaji atamwita yeye kwanza. Chama kingesimama nyuma yake, Rajbai angetuma mzigo kutoka Muyinga, na yeye angeacha kubeba vitambaa kichwani. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Kisha akaja Adriano, na sasa likawa si hilo tu.

Adriano alikuwa fundi wa kujenga. Alikuja kununua kitenge cha mama yake, akakaa kuchagua muda mrefu kuliko mwanamke yeyote, akarudi wiki iliyofuata kuchagua kingine ambacho hakukinunua. Alikuwa mchangamfu, mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, na alimsikiliza Jovina akiongea habari za duka kana kwamba anasikiliza mpira redioni. Jovina alimpenda. Tuliseme hilo wazi, maana baadaye watu watataka kusema alikuwa mjinga, na kupenda si ujinga, ingawa vyote viwili vikikaa nyumba moja hugombania kitanda kimoja.

Leonardi alipopelekewa habari alitaja ng'ombe. Siku hizi ng'ombe wa mahari hana miguu, ni bahasha, lakini hutajwa kama ng'ombe na huhesabiwa kama ng'ombe. Aliowataja Leonardi walikuwa wengi. Tena akasema kwamba ikifika Pasaka bila jibu, yuko mwingine upande wa Gishubi anayeulizia.

Adriano alikuja Yoba jioni amenyong'onyea.

"Mi niko na mikono mbili tu, chérie. Patron hajatulipa tangu ile nyumba ya ghorofa ianze. Baba yako anataka ng'ombe. Mi nitatoa wapi?"

Jovina alimimina chai. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Aliona miaka yote ile ya kulipa kabla ya tarehe imelala bure kwenye kompyuta ya Nazario, na mwanaume anayempenda amekaa hapa kichwa chini.

"Nitakopa mimi," alisema. "Nitakupa wewe, wewe utampa Baba. Halafu utanirudishia kidogo kidogo kila mwezi. Asijue mtu."

"Vraiment? Kweli?"

Adriano alikubali kabla chai haijapoa. Jovina alilitambua hilo, upesi ule wa kukubali, akaliita shukrani.

Kwa Nazario alikwenda Jumatatu. Hakuomba ile kubwa. Aliomba ya katikati, ya kutosha bahasha, na alipoulizwa ya nini akajibu kwamba ni ya vitenge. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika ofisi ile.

"Vitenge tu?" Nazario alimtazama juu ya miwani.

"Vitenge tu, Mzee."

"Bon. Kwa sababu ni we, siendi hata kuangalia stock."

Afadhali angemtukana. Jovina alitoka na fedha zimefungwa kwenye kitambaa kiunoni, na njia nzima hadi Yoba hakuweza kumtazama mtu usoni.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye pazia. Uani kreti za bia zilipangwa upande mmoja na mitungi ya pombe ya ndizi upande mwingine. Baba mdogo wa Adriano, aliyechaguliwa kuwa msemaji kwa ajili ya sauti yake, alisimama akazungumza habari za ng'ombe walionona, waliotoka mbali, waliolelewa kwa jasho la kijana wao anayeamka kabla ya jogoo na kubeba mawe mpaka mgongo ukaumia. Wazee wakaitikia. Bahasha ikapita mikono. Mtu mmoja upande wa kina Jovina aliipima kwa vidole akasema "Yampaye inka!", yaani amenipa ng'ombe, na watu wakacheka kwa kuridhika. Chumbani, shangazi wa Muyinga alimfinya Jovina shavu na kumwambia atabasamu, mbona amekunja uso siku kama hii?

Kisha Leonardi akasimama. Hakuwa ametakiwa kusema mengi, lakini pombe na fahari vilimsaidia.

"Nimefurahi," alisema, "kwa sababu kijana huyu ameleta chote, kwa mara moja, bila kuacha deni. Binti yangu ni mchapakazi, sikatai, lakini ana tabia ya kukopa kopa huko mjini, na mimi sikuipenda tabia hiyo. Sasa amepata mume wa kumfundisha."

Watu wakapiga makofi. Jovina aliuma kona ya mtandio wake mpaka ladha ya rangi ikamjaa mdomoni.

Bahasha ile haikulala Bugendana siku nyingi. Kastori alikuwa na mchumba, na wazazi wa mchumba nao walikuwa na hesabu yao ya ng'ombe. Kabla ya mvua kwisha Kastori alikuwa ameoa, mkewe yuko jikoni kwa Kasilda anamenya ndizi, na kijiji kizima kikimsifu Leonardi kwa kuoza na kuoza tena katika msimu mmoja. Jovina alikuja kwenye arusi hiyo ya pili na zawadi ya kitenge, akacheza kama dada anavyotakiwa kucheza.

Mwezi wa kwanza Adriano alimrudishia sehemu yake yote. Wa pili alileta nusu na maelezo. Wa tatu akaleta maelezo peke yake. Wa nne Jovina alipouliza, mume aliweka kijiko chini.

"Jovina, we unanidai mahari? Mwanaume anadaiwa mahari na bibi yake? Ile pesa iko kwa baba yako. Mi siko nayo. Uende uombe kule."

"Tulikubaliana, Adriano."

"Tulikubaliana mbele ya nani?"

Mbele ya buli la chai, angeweza kusema. Aliinuka akaosha vyombo, na tangu siku hiyo hakuuliza tena, maana aliona kwamba kila akiuliza yeye ndiye anayeonekana mwenye makosa.

Akalipa peke yake. Mtaji ambao ungezaa vitenge haukuwepo, ulikuwa Bugendana umegeuka kuwa mke wa Kastori, hivyo rejesho lilitoka kwenye vitenge vile vichache alivyokuwa navyo, na kila mwezi mzigo wa kichwani ukawa mwepesi zaidi. Aliuza kabati. Aliuza pete za masikioni alizopewa na Rajbai. Alipika muhogo asubuhi na muhogo jioni, na Adriano, aliyekuwa ameanza kulipwa tena, akawa anakula mjini. Wanawake wa Yoba walimwambia waziwazi aache kulipa, wamfanye nini? Wakimkamata watamla? Lakini Jovina alikuwa amemdanganya Nazario mara moja na hakutaka kumdanganya mara mbili. Jina lile safi la chamani lilikuwa kitu pekee alichokitengeneza kwa mikono yake. Alilipa lote. Hakuchelewa hata mwezi mmoja, na siku alipolipa fungu la mwisho hakuna aliyempongeza ila mhasibu, aliyemwambia tu, "Asante, asaini hapa anayefuata."

Ikawa kama mtihani wa Mungu, wiki ile ile mwenye nyumba wa kando ya soko alimtumia ujumbe kwamba mpangaji anahama. Jovina alikimbia kwa Nazario, safari hii akiwa na ukweli wote: chumba, rafu, ahadi ya Rajbai, bei ya kuuza na bei ya kununua. Nazario alifungua kompyuta akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Safi. Safi kabisa. Mais umeolewa, hein? Sasa kwa hii kubwa, bwana yako lazima asaini. Ndiyo règlement, sheria ya hapa. Bila bwana, naweza kukupa ile ndogo tu."

"Ile ndogo ipi?"

"Ile ya mwanzo."

Adriano hakukataa kusaini. Alisema atasaini kwa moyo mmoja, ila nusu ya mkopo imnunulie pikipiki, maana kazi ya mawe imemchosha na jina zuri la nyumbani ni la wote wawili. Jovina alihesabu kichwani. Nusu iliyobaki isingetosha mzigo wala kodi, na nusu ya pikipiki nayo angeilipa yeye, alishajua hivyo kuliko alivyojua sala ya Baba Yetu. Mwenye nyumba alimpa mpaka mwisho wa wiki.

Ndipo alipokwenda Bugendana. Alipanda mlima asubuhi, akiwaza kwamba mzee aliyepokea mahari ana neno juu ya mkwe wake. Akimwita Adriano na kumkemea, Adriano atasaini bila masharti. Mkwe haambiwi mara mbili.

Leonardi na Kasilda walikuwa uani wakipura maharage. Jovina aliwasalimia, akashika fimbo akawasaidia kidogo, kisha akaeleza shida yake. Leonardi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi nitamwambia nini mtu aliyetoa mahari yote kwa siku moja? Mtu kama huyo ana sauti nyumbani kwake. Mnunulie pikipiki."

Jovina alisimamisha fimbo.

"Mahari hakutoa yeye, Baba. Nilitoa mimi. Nilikopa chamani nikampa, na nimelipa peke yangu mpaka wiki iliyopita. Ng'ombe wote wale ni wangu."

Alitegemea ukelele. Alitegemea baba aangushe fimbo, mama ashike kichwa, aitwe mshenzi, chochote. Kasilda aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu pembeni. Leonardi alitazama upande wa jikoni, ambako mke wa Kastori alikuwa anaimba taratibu.

"Punguza sauti," alisema.

Jovina aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Taratibu akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuumiza kuliko rejesho lolote.

"Mlijua."

"Baba yako aliulizia kwa mafundi wa Gitega kabla ya kupokea," Kasilda alisema bila kuinua macho. "Wakamwambia hawajalipwa, yule wala wenzake. Sasa zingetoka wapi zile fedha, mwanangu? Hatukuwa watoto."

"Na mkapokea."

"Kastori alikuwa anataka kuoa. Wale watu wasingesubiri."

"Na yale maneno, Baba? Ulisimama mbele ya watu ukasema nina tabia mbaya ya kukopa. Ulikuwa umeshika mkopo wangu mkononi!"

"Ulitaka niseme nini?" Leonardi alijibu, na safari hii macho yake yalikwepa. "Watu walikuwepo."

Jovina aliweka fimbo chini. Alitaka kulia lakini hasira haikumpa nafasi. Mtu huyu asiyewahi kudaiwa hata kiberiti alikuwa amemwozesha mwanawe kwa deni la binti yake, akanywa na bia juu yake, kisha akamhutubia. Hata Adriano alionekana afadhali kidogo, kwa kuwa Adriano hakuwahi kujidai mtakatifu.

Leonardi aliokota maharage yaliyorukia mbali, punje moja moja, akayarudisha penye rundo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa laini, karibu ya upole, na kwa sekunde moja Jovina alidhani anataka kuomba radhi.

"Lakini umelipa lote, umesema?"

"Lote."

"Kwa hiyo kule wanakuamini."

"Wananiamini."

Leonardi alikohoa kidogo. "Maana Yakobo naye ameshakuwa mtu mzima. Kuna binti wa Gishubi, familia nzuri. Wewe ukiongea na yule mzee wako wa ofisini, na sisi sasa tunajua jinsi mambo yanavyokwenda, hutakuwa na haja ya kutuficha. Pikipiki ya mumeo ingoje."

Kasilda aliacha kuchambua. Wimbo wa jikoni nao ulikuwa umenyamaza, na Jovina alijua mke wa Kastori amesikia yote.

"Hapana, Baba."

"Ni ndugu yako."

"Ni ndugu yangu, na nampenda. Mwambie ashuke Gitega akajiandikishe. Aombe kidogo sana, alipe kabla ya siku. Halafu aombe tena, alipe tena. Asikope ili ale. Nitampeleka mwenyewe mpaka kwenye kiti cha Nazario."

Leonardi alimtazama kana kwamba ameambiwa Yakobo aende kwa miguu mpaka Roma.

"Jovina, hiyo itamchukua miaka."

"Ndiyo, Baba," alisema Jovina. "Mimi ilinichukua miaka."

Aliinuka, akajipangusa maganda ya maharage kwenye kitenge, akaaga. Mgeni wa Bugendana husindikizwa hata kama amekuja kuomba chumvi. Mtu hutoka naye mpaka njia panda, wakaongea ya mwisho mwisho hapo. Jovina alifika njia panda akasimama kidogo, akageuka nyuma. Njia ilikuwa tupu mpaka juu. Akateremka kwenda Gitega kuchukua ule mkopo mdogo wa mwanzo, usiohitaji saini ya mume.